Soko la Ufilipino: Tangazo la simu huleta mgeni, faida huletwa na mteja wa kudumu

WAFANYABIASHARA wadogo nchini Ufilipino wanaotangaza bidhaa zao kwa njia ya simu na intaneti wanakabiliwa na swali moja la hesabu. Je, fedha inayolipiwa tangazo hurudi kwa mauzo ya mara ya kwanza, au hurudi pale mteja anaponunua mara ya pili na ya tatu? Jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha duka linalokua na duka linalomaliza mtaji huku likiwa na maelfu ya wafuasi kwenye ukurasa wake.

Soko lenyewe ni kubwa. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 109,035,343 katika nchi yenye visiwa zaidi ya 7,600. Zaidi ya asilimia 99 ya biashara zilizoandikishwa ni za kati, ndogo na ndogo sana. Watu wake wamezoea simu kuliko mataifa mengi yenye kipato kama chao, na mtu anayetafuta keki, fundi wa friji au chumba cha kupanga huanza kwa kuuliza Facebook.

Hata hivyo, ukubwa huo humdanganya mfanyabiashara. Mwoka mikate wa mji wa Iloilo hauzii watu milioni 109. Anauzia mitaa michache inayofikiwa na pikipiki kabla mkate haujapoa. Tangazo lake likionekana na watu 50,000 wa Manila, ng'ambo ya bahari, amelipa bure. Kwa biashara ya mtaani, jambo la kwanza katika kutangaza mtandaoni ni kupunguza eneo: mji, mtaa, na umbali wa kilomita chache kutoka dukani.

Mazoea ya zamani katika chombo kipya

Ili kuelewa namna Mfilipino anavyonunua kwa simu, inafaa kuanza na duka la sari-sari. Hili ni duka dogo la nyumbani, mara nyingi lenye dirisha la nondo au wavu, ambalo huuza sabuni, mchele, sardini, kahawa na muda wa maongezi. Maduka ya namna hiyo yanakadiriwa kuzidi milioni moja nchini humo.

Biashara ya sari-sari inasimama juu ya mambo mawili. La kwanza huitwa tingi, yaani kuuza kwa kipimo kidogo kabisa: shampuu ya pakiti moja, sigara moja moja, mafuta ya kupikia ya kupima. La pili huitwa suki. Suki ni mteja wa kudumu, na neno hilo hilo humhusu pia muuzaji wake, kwa kuwa uhusiano ni wa pande zote mbili. Suki hupunguziwa bei, huongezewa kidogo juu ya kipimo, hutengewa samaki mzuri, na akiishiwa fedha huandikwa katika daftari hadi siku ya mshahara. Yeye kwa upande wake haendi duka la jirani kwa sababu tu kuna punguzo la siku moja.

Mazoea hayo hayakufa simu zilipoingia. Mwaka 2003 kampuni ya Smart ilianza kuuza muda wa maongezi kwa njia ya ujumbe wa simu badala ya kadi, na vipimo vikawa vidogo kiasi cha kuwafaa watu wa tingi. Mwenye duka la sari-sari akawa wakala. Mwaka uliofuata, 2004, kampuni ya Globe ilianzisha huduma ya fedha ya GCash, miaka mitatu kabla ya M-Pesa kuanza nchini Kenya.

Wafilipino walikuwa tayari mabingwa wa ujumbe mfupi. Mwezi Januari 2001, ujumbe wa simu ulisaidia kukusanya umati katika barabara ya EDSA mjini Manila, katika maandamano yaliyomwondoa Rais Joseph Estrada madarakani. Taifa lililozoea kuandikiana hivyo halikupata taabu kuhamia Facebook. Kuanzia mwaka 2013 makampuni ya simu yalitoa, kwa nyakati mbalimbali, Facebook bila malipo ya data. Kwa mtu mwenye salio dogo, mtandao wa bure ndio ukawa intaneti yenyewe. Ndiyo maana maduka mengi madogo ya Ufilipino hayana tovuti na hayaoni hasara kwa kukosa tovuti. Ukurasa wa Facebook ndio ubao wa duka, na Messenger ndiyo kaunta.

Hapo ndipo wageni wengi wa soko hilo hukosea. Hutayarisha tangazo zuri lenye picha za kuvutia, kisha humwacha mteja aliyeandika ujumbe akisubiri hadi kesho yake. Mteja wa Kifilipino huuliza kabla ya kununua, hata pale maelezo yote yameandikwa. Huuliza kama bidhaa bado ipo, kama inafika mtaani kwake, kama bei inaweza kushuka. Maswali hayo si usumbufu. Ndiyo salamu ya kuanza usuki, na muuzaji asiyejibu ni sawa na mwenye duka aliyefunga dirisha mteja akibisha.

Lugha nayo ina thamani yake. Kifilipino na Kiingereza ndizo lugha rasmi kwa Katiba ya 1987, na matangazo mengi ya Manila huandikwa kwa mchanganyiko wa lugha hizo mbili, kama watu wanavyozungumza. Lakini mjini Cebu na sehemu kubwa ya Mindanao lugha ya sokoni ni Kisebuano, na Iloilo ni Kihiligaynon. Duka la Cebu linalowajibu wateja wake kwa Kisebuano huonekana ni la nyumbani. Vivyo hivyo katika heshima: muuzaji wa Manila humwita mteja ate, yaani dada mkubwa, au kuya, kaka mkubwa, na huongeza neno dogo la adabu, po, katika sentensi. Majibu ya mashine yasiyo na adabu hiyo humfukuza mteja.

Bei kwenye ujumbe wa faragha

Kwa miaka mingi, wauzaji wengi wa mtandaoni nchini humo walikuwa na desturi ya kuweka picha ya bidhaa bila bei. Aliyetaka kujua bei aliambiwa aandike ujumbe wa faragha. Sababu zilizotolewa ni kwamba washindani wasione bei, na kwamba mteja akishaingia kwenye mazungumzo ni rahisi kumshawishi.

Idara ya Biashara na Viwanda ya Ufilipino imekwisha kuonya mara kadhaa kwamba desturi hiyo inavunja sheria. Sheria ya Walaji ya mwaka 1992, Na. 7394, inataka bidhaa za rejareja zioneshwe bei kwa peso, na idara hiyo inasema sharti hilo linawahusu wauzaji wa mtandaoni kama linavyowahusu wenye maduka. Adhabu iliyowekwa ni faini ya peso 200 hadi 5,000, au kifungo cha mwezi mmoja hadi miezi sita, au vyote viwili.

Mbali na sheria, desturi hiyo ni mbaya kwa biashara yenyewe. Muuzaji anayelipia tangazo hulipia pia ujumbe wa watu wasioweza kumudu bei yake. Mtu mmoja dukani hawezi kujibu ujumbe 80 kwa siku ambao 60 kati yake unauliza bei tu. Bei ikiwekwa wazi, ujumbe hupungua, lakini wanaobaki ni wanunuzi. Aidha, mteja mwenye haya ya kuuliza bei asiyoiweza huondoka kimya, na muuzaji hajui kamwe kwamba alikuwapo.

Wauzaji wa Kiswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko hili hata kizuri hakijiuzi kama bei yake imefichwa.

Siku za fedha na siku za ukame

Tangazo lile lile huleta mauzo tofauti kwa kutegemea tarehe. Sheria ya kazi ya Ufilipino inataka mishahara ilipwe angalau mara mbili kwa mwezi, kwa vipindi visivyozidi siku 16. Kwa hiyo waajiri wengi hulipa tarehe 15 na tarehe 30. Siku chache kabla ya hapo Wafilipino huziita petsa de peligro, yaani tarehe za hatari, mfuko unapokuwa mtupu.

Mfanyabiashara anayejua kalenda hiyo hugawa bajeti yake ya tangazo. Katika tarehe za hatari huuza vipimo vidogo na vyakula vya bei nafuu, au hupokea oda za kulipwa siku ya mshahara. Tarehe 15 na 30 huweka bidhaa kubwa. Anayetumia fedha ile ile kila siku hutangaza viatu kwa watu wanaofikiria nauli.

Msimu mkuu ni Krismasi, nao Ufilipino huanza mapema kuliko kwingine. Nyimbo za Krismasi husikika madukani kuanzia Septemba. Kilele chake kina sababu ya kisheria: Amri ya Rais Na. 851 ya mwaka 1975 ilianzisha mshahara wa mwezi wa kumi na tatu, ambao lazima ulipwe kabla ya Desemba 24 kupita. Fedha hiyo ndiyo inayogombewa na masoko makubwa ya mtandaoni kama Lazada, iliyoingia mwaka 2012, Shopee, iliyoanza 2015, na TikTok Shop, iliyofungua Ufilipino mwaka 2022. Masoko hayo hufanya minada ya tarehe pacha: Septemba 9, Oktoba 10, Novemba 11 na Desemba 12. Katika siku hizo bei ya tangazo hupanda kwa kuwa wakubwa wote wanagombea macho yale yale. Duka dogo lenye peso 1,000 za tangazo lina heri kusubiri siku tatu baadaye.

Mitumba hewani

Hakuna biashara inayoonesha usuki wa simu vizuri kama mitumba, ambayo huko huitwa ukay-ukay. Jina hilo linatokana na kuchakura, kama anavyofanya mnunuzi wa mitumba popote. Sheria Na. 4653 ya mwaka 1966 inapiga marufuku kuingiza nguo zilizotumika kwa ajili ya biashara, lakini nguo hizo huuzwa waziwazi kila mji, na Baguio katika milima ya Luzon unajulikana kwazo.

Siku hizi sehemu ya biashara hiyo hufanyika kwa video ya moja kwa moja. Muuzaji hufungua robota mbele ya simu, huinua nguo moja moja, hutaja kipimo, kasoro, bei na namba. Mtazamaji wa kwanza kuandika neno la Kiingereza lenye maana ya "changu", pamoja na namba hiyo, ndiye aliyeipata. Msaidizi huandika majina daftarini. Mwisho wa video, wateja hutumiwa jumla ya madeni yao.

Faida ya njia hii ni dhahiri. Mzigo huonekana na watu mia kadhaa bila kodi ya pango, kasoro husemwa mbele ya wote, na watazamaji huzoeana na muuzaji hata akikosa kuingia hewani huulizwa yuko wapi. Hasara yake pia ni dhahiri. Wapo wanaoandika "changu" kwa furaha ya kushindana tu, kisha hawalipi. Wafilipino wamewapa jina, joy reserver. Nguo hukaa siku tatu ikimsubiri mtu asiyekuja, na aliyekuwa tayari kuinunua amekwishapata nyingine.

Wauzaji wazoefu hujilinda kwa namna tatu. Huweka saa ya mwisho ya kulipa, kwa kawaida saa 24. Huwataka wateja wapya walipe sehemu kwanza kabla ya kuwekewa. Na hutunza orodha ya wasiolipa, ingawa kuibandika hadharani pamoja na majina na picha kunaweza kumwingiza muuzaji katika matatizo ya kisheria. Tangu mwaka 2012 nchi hiyo ina sheria ya kulinda taarifa za watu binafsi, Na. 10173.

Hesabu ya tangazo moja

Chukulia mpishi wa nyumbani anayeuza keki kwa peso 350. Vifaa, gesi na boksi humgharimu peso 250, na kila keki humwachia peso 100. Analipia tangazo la peso 1,500 kwa siku tano, katika eneo la kilomita 5. Tangazo linaleta ujumbe 60, na watu 20 wanaagiza.

Kati ya hao 20, watatu hawatokei. Mpishi amepokea malipo ya keki 17, yaani peso 5,950. Amepika keki 20 kwa peso 5,000. Zimebaki peso 950, lakini tangazo limekula 1,500. Amepata hasara ya peso 550, na hajahesabu muda wake wa kujibu ujumbe 60. Akiongeza tangazo bila kubadili kitu kingine, ataongeza hasara.

Sasa chukulia kwamba ametaka nusu ya malipo kwanza kwa njia ya simu. Wawili kati ya 20 wanakataa, na 18 wanalipa. Faida ya keki 18 ni peso 1,800. Akitoa 1,500 za tangazo, hubaki na peso 300. Si nyingi, lakini hajapoteza mtaji.

Faida halisi iko mbele zaidi. Kama wateja 8 kati ya hao 18 watarudi mara mbili katika miezi miwili, bila tangazo, atauza keki nyingine 16 na kupata peso 1,600. Fedha hiyo ndiyo mshahara wake. Haikutokana moja kwa moja na tangazo, bali na jina lililoandikwa daftarini, siku ya kuzaliwa ya mtoto iliyokumbukwa, na ujumbe wa salamu uliotumwa wiki moja kabla.

Hesabu hizi ni za mfano, na kila biashara ina zake. Lakini mpangilio wake haubadiliki kwa bidhaa nyingi za faida ndogo. Oda ya kwanza hulipa tangazo, na oda zinazofuata hulipa mwenye duka. Ndiyo maana idadi ya alama za kupenda haimwelezi mwenye mtaji jambo lolote la maana. Namba inayofaa kuulizwa ni hii: kati ya walionunua mwezi uliopita, wangapi wamenunua tena mwezi huu?

Malipo na imani

Kwa muda mrefu kizuizi kikubwa cha biashara ya mtandaoni Ufilipino kilikuwa imani. Mteja aliogopa kutuma fedha kisha asipate mzigo, na muuzaji aliogopa kutuma mzigo kisha asipate fedha. Njia ya kulipa wakati wa kupokea ilisaidia wateja, lakini iliwaachia wauzaji gharama ya mizigo inayorudishwa.

Benki Kuu ya nchi hiyo ilichukua hatua kadhaa. Mwaka 2018 ulianza mfumo wa InstaPay wa kuhamisha fedha papo hapo kati ya benki na pochi za simu. Mwaka 2019 ulizinduliwa msimbo mmoja wa taifa wa QR, uitwao QR Ph, na mwaka 2021 ukaanza kutumika kwa malipo ya dukani. Hivyo mchuuzi mwenye karatasi moja yenye msimbo anaweza kupokea kutoka GCash, Maya au benki nyingine bila kubandika karatasi kumi. Mwaka 2022 Benki Kuu na wizara inayosimamia serikali za mitaa zilianza mpango wa kueneza msimbo huo katika masoko ya umma na kwa madereva wa bajaji, na soko la Baguio likatangulia.

Kwa mfanyabiashara, faida ya malipo hayo si kasi peke yake. Kila malipo huacha kumbukumbu ya tarehe na kiasi. Mwenye kuuza kwa fedha taslimu tu, bila daftari, hawezi kujua suki wake ni nani akimwacha msaidizi dukani.

Ukurasa si mali ya duka

Hatari moja inayosahauliwa na wengi ni kwamba ukurasa wa Facebook au duka la Shopee si mali ya mfanyabiashara. Ni kibanda cha kupanga. Mwenye kiwanja anaweza kupandisha kodi, kubadili njia inayopitisha wateja, au kufunga lango. Kurasa zilizojengwa kwa miaka zimewahi kuporwa na wezi wa nywila kwa siku moja, na masoko makubwa ya mtandaoni yamekuwa yakipandisha kamisheni yanayowatoza wauzaji.

Wenye hekima hawaachi kibanda hicho, kwa kuwa ndipo watu wanapopita, lakini huhamisha usuki mahali pengine. Namba za simu za wateja, kwa ridhaa yao, huandikwa daftarini. Wateja wa mtaa mmoja huwekwa katika kundi la Viber au Messenger. Kadi ndogo yenye namba ya duka huwekwa ndani ya kila kifurushi. Ukurasa ukipotea, duka linapoteza ubao wake, lakini wateja wanabaki.

Mkono wa serikali

Biashara hiyo ilikua ghafla baada ya Machi 2020, kisiwa cha Luzon kilipofungwa kwa sababu ya korona na maelfu ya watu waliokosa kazi wakaanza kuuza vyakula mtandaoni kutoka jikoni kwao. Mwezi Juni mwaka huo mamlaka ya kodi iliwataka wauzaji wa mtandaoni wajiandikishe, na jambo hilo lilizua malalamiko makubwa.

Tangu hapo sheria zimeongezeka. Sheria ya Miamala ya Intaneti, Na. 11967, ilitiwa saini Desemba 2023. Inawahusu wauzaji na masoko ya mtandaoni kwa pamoja, na imeanzisha ofisi maalumu ya biashara ya mtandaoni chini ya Idara ya Biashara na Viwanda. Kuanzia Julai 15, 2024, masoko ya mtandaoni yalianza kukata kodi ya zuio ya asilimia moja juu ya nusu ya fedha yanayowapelekea wauzaji. Wenye mapato yasiyozidi peso 500,000 kwa mwaka wanasamehewa, mradi wawasilishe tamko lao. Oktoba 2024 ikatiwa saini Sheria Na. 12023, inayotoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 12 kwa huduma za kidijitali za makampuni ya nje, yakiwamo matangazo. Anayepanga bajeti ya tangazo kwa bei ya zamani atajikuta amepungukiwa.

Kwa upande mwingine upo unafuu. Sheria Na. 9178 ya mwaka 2002 inasamehe kodi ya mapato biashara ndogo sana zilizoandikishwa ambazo rasilimali zake, bila ardhi, hazizidi peso milioni 3. Anayekwepa kujiandikisha kwa kuogopa kodi anaweza kuwa anakimbia msamaha.

Mlipaji yuko ng'ambo

Sehemu nyingine ya soko hili haiko Ufilipino. Mwaka 2023 Wafilipino zaidi ya milioni 2 walikuwa wakifanya kazi nje kwa mikataba. Saudi Arabia ilikuwa ya kwanza kwa kuwapokea, ikifuatiwa na Falme za Kiarabu. Mwaka 2024 fedha zilizotumwa nyumbani kwa njia ya benki zilifikia dola bilioni 34.49 za Marekani.

Kwa duka la mjini Davao au Batangas, maana yake ni kwamba anayelipa na anayekula wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Binti aliyeko Riyadh huagiza keki ya mama yake, hulipa kwa simu, na hutaka picha ya mama akiipokea. Picha hiyo ndiyo risiti yake, na akiiona jamaa zake wanaofanya kazi naye, ndiyo tangazo bora ambalo duka halikulilipia. Lakini saa 2 usiku mjini Dubai ni saa 6 usiku Manila. Duka linalotaka wateja hao halina budi kuwa na mtu wa kujibu usiku, au angalau kuandika wazi saa za kujibu na kuziheshimu.

Kwa wafanyabiashara wa Kiswahili walioko Dubai, Muscat au Doha, mteja huyo ni jirani. Kanuni ni zile zile: bei iliyo wazi, jibu la haraka lenye adabu, na kumbukumbu ya aliyekwishanunua. Mfilipino aliyetendewa vyema huwaambia wenzake wa chumba kimoja na wa kanisa moja.

Kwa mwenye mtaji mdogo

Mtu anayeombwa kuweka fedha katika biashara ya namna hii asiridhike na kuoneshwa ukurasa wenye wafuasi wengi. Aombe kuona mambo matano: daftari la wateja waliorudi, risiti za matangazo zikilinganishwa na mauzo ya wiki hizo hizo, idadi ya oda zilizorudishwa au kutolipwa, sehemu ya mauzo inayotoka katika mtandao mmoja, na karatasi za kuandikishwa. Aulize pia ukurasa umefunguliwa kwa jina la nani. Si mara moja washirika wamegombana na aliyebaki na nywila akaondoka na duka zima.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa biashara ya simu daftari linalohitajika ni la watu kabla ya kuwa la bidhaa. Tangazo litaendelea kupanda bei kila msimu wa Krismasi. Mteja anayerudi mwenyewe hana bei ya kupandishwa, na duka lenye wengi wa aina hiyo ndilo linaloweza kuzima tangazo kwa mwezi mzima na bado likafungua mlango asubuhi.